Mwekundu kama Pilipili

Ngazi za nyuma za soko kuu la Yogyakarta, kisiwani Java, zina vidato ishirini na sita mpaka ghorofa ya pili, na vingine ishirini na sita mpaka ya tatu. Wagirah hakukanyaga shule hata siku moja, lakini hesabu hiyo aliijua kwa magoti. Kidato cha tisa kimemeguka ukingoni. Cha kumi na saba ni kifupi kuliko wenzake. Fundi aliyekijenga sijui alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Hamali mgeni hata akivuka pengine pote salama, hapo lazima ajikwae. Wagirah naye alijikwaa hapo siku yake ya kwanza, akiwa na miaka ishirini na mitatu na gunia la vitunguu mgongoni, na mwanamke aliyekuwa akimfuata akamsukuma makalio kwa kichwa mpaka akasimama wima tena.

"Ukitaka kuanguka, anguka siku ambayo mimi siko nyuma yako," mwanamke yule akamwambia. "Nina watoto wa kulea."

Hivyo ndivyo alivyofahamiana na Paikem, na walibeba pamoja kwa miaka thelathini na mmoja.

Mizigo ya soko lile hubebwa na wanawake. Imekuwa hivyo tangu zamani, na mwanamume akijitia kujaribu huchekwa mpaka anakwenda zake. Chombo chao ni mbeleko, kitambaa kirefu cha mistari kinachopita chini ya mzigo na kufungwa kifuani. Gunia hukaa juu ya kiuno kwa nyuma, hamali huinama mbele kidogo, na kuanzia hapo dunia yake yote ni visigino vya aliyemtangulia. Vitunguu, sukari, pilipili, majora ya batiki, vyote hupanda hivyo.

Paikem alimzidi Wagirah miaka mitano. Alikuwa mfupi, mpana, na mdomo wake haukuwa na mlango. Ndiye aliyemfundisha kutoa pumzi mguu unapopanda badala ya kuivuta. Ndiye aliyemlazimisha kula wali na tempe, ile soya iliyochachushwa na kukaangwa, kabla ya lori la kwanza kufika, na kunywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Na ndiye aliyemkanya asilitamke kabisa neno "mzito". Huo ni mwiko wa mahamali wote wa pale. Mteja akikuonea huruma akauliza, mama, huo si mzito, unamjibu kwamba ni pamba tu. Hata kama mapaja yanatetemeka na macho yanaona nyota, ni pamba tu.

"Mgongo hauna akili, Rah," Paikem alimwambia. "Unaamini chochote unachoambiwa. Basi uambie mazuri."

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kilio. Wagirah akichutama chooni hakuweza kuinuka, akawa anamwita dada yake aje amvute mikono. Vidole vilikataa kushika sindano. Akawa mkali kwa kila mtu, chozi liko karibu, mtoto wa jirani akimsalimia anamjibu kama kaja kumwibia kuku. Alikula kiapo mara tatu kwamba harudi tena sokoni, na mara tatu alirudi, kwa sababu Paikem alikuwa anampitia nyumbani, anasimama barabarani na kupiga kelele mpaka kijiji kizima kinaamka.

Kisha juma la sita, bila taarifa, mwili ukakubali. Siku hiyo walipandisha jora la batiki mpaka ghorofa ya tatu, na Wagirah alipolitua aliona kitu ambacho hajakiona maishani. Ukibeba kilo sitini kwa ngazi mbili kisha ukazitua ghafla, mwili hausadiki kwamba mzigo umekwisha. Unaendelea kujisukuma kwenda juu. Kwa pumzi kumi hivi unatembea kama huna uzito, visigino havigusi sakafu, na kichwani kumekuwa kweupe: hakuna mume, hakuna mvua iliyoozesha mpunga, hakuna mama mkwe.

"Yu, nina nini?" aliuliza, maana Paikem alikuwa mkubwa kwake na mkubwa huitwa Yu.

"Hiyo ndiyo zawadi," Paikem akasema. "Nyamaza, isikimbie."

Wakasimama dirishani wakitazama mapaa ya vigae, na baada ya muda wakaanza kucheka. Hawakuwa na cha kuchekea. Walicheka tu mpaka Paikem akashika nguzo, na mwenye duka la nguo akatoka kuuliza kama wamelewa.

Msidhani nawasifia mateso. Magoti yale yaliuma, na kwenye bega la Wagirah mbeleko ilichimba mfereji ambao upo mpaka leo. Mtoto anaweza kulaza kidole chake humo. Wapo waliotoka pale wamepinda na hawakunyooka tena. Lakini anayeandika habari za mahamali akaishia kwenye maumivu, huyo hajawahi kutua mzigo. Wagirah ukimuuliza leo anakumbuka nini, hataji goti. Atataja lile dirisha.

Kulikuwa na mwaka ambao Karso, mumewe, alikwenda Sumatra na wale waliohamishiwa mashamba mapya. Alisema atatuma habari nyumba ikiwa tayari. Habari ilikuja kweli, kupitia jirani aliyerudi kuoa: nyumba iko tayari, na ina mke. Wagirah alisikia hayo jioni, na asubuhi alikuwa sokoni wa kwanza. Alibeba bila kusimama. Hakunywa chai, hakujibu salamu, alipanda na kushuka mpaka wenzake wakaanza kumpisha ngazini kama wanaompisha ng'ombe aliyekata kamba. Paikem alimfuata nyuma na mizigo yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake akanyamaza.

Alasiri Wagirah akakaa juu ya gunia la sukari. Jasho na machozi vilikuwa vimechanganyika hata yeye hakujua kipi ni kipi. Paikem akamkalia pembeni.

"Karso umempandisha mara ngapi leo?"

"Mara ishirini na mbili."

"Hasira yako wewe ingelihamisha soko hili mpaka mji wa Solo. Na je, umemtua?"

Wagirah akafikiri. Alijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta funguo, na kweli, pale palipokuwa panawaka tangu jana palikuwa pametulia. Palikuwa na uchovu tu, na njaa kubwa.

"Nimemtua, Yu."

"Basi twende tukale. Na mahali alipotua hapo aozee."

Walikula wali na mboga za karanga, sahani mbili kila mmoja, na Wagirah husema mpaka leo hajawahi kula chakula kitamu kama kile. Yule mwanamume hakumsumbua tena akilini.

Mizigo ikiisha, malori yakiondoka, mahamali walikuwa na kona yao ghorofa ya pili, nyuma ya marundo ya nguo, chini ya ngazi. Palikuwa na mkeka, chupa ya mafuta ya nazi yaliyopondewa vitunguu vidogo, na sarafu. Sarafu ya Paikem ilikuwa ya shaba, nene, ya enzi za Waholanzi, aliyoachiwa na bibi yake. Mmoja anavua blauzi na kukaa, mwenzake anampaka mafuta na kumkwangua mgongo kwa ukingo wa sarafu, kutoka uti wa mgongo kwenda mbavuni, mstari baada ya mstari, mpaka mgongo wote unafanana na mifupa ya samaki. Mwili uliochoka huacha milango wazi, upepo ukaingia. Upepo ndio unaoumiza kichwa, ndio unaokaza shingo, ndio unaoleta huzuni isiyo na jina. Ukikwanguliwa unatoka, na alama yake ni wekundu. Mgongo ukiwa mwekundu sana, upepo ulikuwa mwingi, na sasa umekwisha. Mgongo ukibaki mweupe, maana yake ukikataa kabisa kushika wekundu, basi kilichomo humo si upepo. Hilo hakuna aliyependa kulisikia.

Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayeuona mgongo wake mwenyewe. Inabidi uulize.

"Umekuwa mwekundu?"

"Mwekundu kama pilipili, Yu."

Hapo ndipo mwili unapolegea. Paikem alikuwa akisikia hivyo anacheua kwa nguvu, anacheka, anageuka na kusema zamu yako. Kwa miaka thelathini na mmoja Wagirah aliujua mgongo ule kuliko uso wake. Alijua baka lililo chini ya bega la kushoto, alijua mbavu ipi ikiguswa Paikem ataruka. Alijua kwa wekundu tu kama kwao kumelala na ugomvi au na amani.

Walikuwa na mwenzao mmoja, Ginah, mwanamke mrefu aliyeweza kubeba magunia mawili ya sukari kwa mpigo. Ginah aliishiwa pumzi, watoto wakampeleka kwa daktari, daktari akasema moyo umechoka, asibebe tena. Watoto wakafurahi, maana walikuwa wamemwambia siku nyingi apumzike. Wakamrudisha kijijini, wakamkalisha barazani kwenye kiti cha plastiki, mbele ya televisheni. Baada ya Lebaran, Idi yao ya kumaliza mfungo, Paikem na Wagirah walikwenda kumsalimia. Walimkuta amenenepa na kunyauka kwa wakati mmoja, sijui nieleze vipi, lakini ndivyo alivyokuwa. Mikono ilikuwa inachezea upindo wa saruni bila kukoma. Alisema hapati usingizi. Alisema mwili unamuuma zaidi kuliko alipokuwa anabeba. Kisha akawauliza:

"Kidato cha tisa wamekitengeneza?"

"Bado," Paikem akamjibu.

Ginah akalia kwa sauti, mbele ya wajukuu. Mwaka haukuisha akafa, na sokoni hakuna aliyesema ni moyo. Walisema ni kile kiti.

Siku ile waliporudi kutoka kwa Ginah, Paikem hakuwa na mzaha hata kidogo.

"Rah, mimi wasije wakaniweka kwenye kiti."

"Mimi je?"

"Na wewe. Tuahidiane."

Wakaahidiana, na kwa miaka mingi waliliona lile kuwa jambo jema kabisa.

Ilikuwa wiki nne kabla ya Lebaran, biashara ya nguo imepamba moto, majora yanaingia asubuhi mpaka jioni. Kwa siku kadhaa Paikem alikuwa anasimama katikati ya ngazi, anasema mbeleko imelegea, anaifunga upya polepole. Mbeleko haikuwa imelegea. Alasiri ya siku ile alifika kwenye kona yao uso una rangi ya majivu, mkono wa kulia umeushika wa kushoto.

"Upepo umenikalia kifuani," akasema. "Mpaka taya linauma. Hebu nikwangue, ukwangue kweli, si kunipapasa kama bibi harusi."

Wagirah akapaka mafuta, akakwangua mstari wa kwanza. Ngozi ilikandamizika, kisha ikarudi rangi yake. Akakwangua wa pili, wa tatu, akaongeza nguvu mpaka kiganja kikamuuma. Mgongo ule, ambao siku zote ulikuwa unaiva kwa mguso mmoja tu, ulikaa vilevile. Ulikuwa na jasho jembamba, la baridi, na siku yenyewe ilikuwa ya joto la kuchemsha.

"Rah? Umekuwa mwekundu?"

Nasema hapa jambo ambalo Wagirah alilificha miaka kumi na mmoja. Alijua. Mikono yake ilijua kabla yake. Akaona kile kiti cha plastiki barazani. Akaona lile dirisha la ghorofa ya tatu na yeye amesimama peke yake, hana wa kucheka naye. Akakumbuka kwamba mgongo hauna akili, unaamini unachoambiwa. Basi akaamua kuuambia mazuri.

"Mwekundu kama pilipili, Yu."

Paikem akashusha pumzi ndefu. Akacheua, hata. Rangi ikamrudi kidogo usoni, naapa, wote waliokuwepo waliona.

"Si nilijua! Upepo tu. Nilitaka kuanza kujiogopesha bure."

Akavaa blauzi, akamtania mwenye duka kuhusu tumbo lake, na kabla ya kwenda nyumbani akapandisha majora mengine mawili. Siku ya tatu, alfajiri, akijifunga mbeleko mlangoni kwake, alikaa chini kama mtu aliyesahau kitu ndani, na hakuinuka tena.

Matangani watu walisema ni upepo, ulimkalia vibaya, na imetokea kwa wengi. Wagirah alichambua mchele pamoja na wanawake wengine na hakufungua mdomo. Alikuwa amempaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa, na sasa mwenzake amelala chini ya kitambaa. Kama angesema kweli Paikem angepona? Sijui, naye hajui. Labda angeishia kwenye kiti kama Ginah. Lakini angekuwa amechagua mwenyewe, na hilo ndilo lililomla Wagirah.

Alifanya alilolijua: alibeba. Alidhani kwamba kama Karso alitulika kwa mara ishirini na mbili, hili nalo lina idadi yake. Alipanda na kushuka mwezi mzima, mwaka mzima. Mikono ilichoka, miguu ilichoka, usingizi ulikuja, kula alikula. Lakini akifika ghorofa ya tatu na kuutua mzigo, akasimama dirishani kungojea zile pumzi kumi, ile zawadi haikuja. Karso alishuka mgongoni. Paikem hakushuka.

Siku ya arobaini ilipopita, binti yake Paikem alitokea sokoni na mbeleko ya mama yake begani. Anaitwa Sarinten, na wakati ule alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mfupi, mpana, na mdomo ulikuwa ule ule.

"Mbok, nifundishe," alimwambia Wagirah, kwa heshima anayopewa mama.

Wagirah akamfundisha kutoa pumzi, akamlisha tempe, akamwonya kuhusu kidato cha kumi na saba. Sarinten akajikwaa hapo hapo, na Wagirah akamsukuma makalio kwa kichwa. Akamfundisha pia kwamba mzigo hauitwi mzito. Alasiri wakawa wanakwanguana kwa ile ile sarafu ya shaba. Kila mwezi wa Ruwah, watu wanaposafisha makaburi kabla ya mfungo, alikwenda na familia ile kumwaga maua kwa Paikem, na kila alipopiga magoti pale alifungua mdomo kutaka kusema, akaufunga.

Mwaka huu Wagirah ametimiza sitini na mitano. Miezi michache iliyopita alianza kusimama katikati ya ngazi kufunga mbeleko.

"Mbok," Sarinten alimwambia siku moja, nyuma yake, "hiyo mbeleko leo imelegea mara nne. Umeinunua kwa nani, tukamdai?"

"Wewe panda. Usinihesabie."

Alitua gunia la pilipili ghorofa ya pili na akajua hawezi kwenda ya tatu. Kitu kilikuwa kimemkaa kifuani kama goti la mtu, na mkono wa kushoto umekuwa wa baridi. Akajikongoja mpaka kwenye kona. Sarinten akaja na chupa ya mafuta kabla hajaitwa.

Sarafu ikapita mstari wa kwanza. Wagirah alizoea kusikia raha pale, joto linalofuata ukingo wa shaba. Safari hii hakusikia joto. Mstari wa pili, wa tatu. Akasikia mkono wa Sarinten unaongeza nguvu, na hapo jasho jembamba likamtoka, maana nguvu ile aliijua, iliwahi kuwa yake.

"Nduk, mwanangu. Umekuwa mwekundu?"

Sarinten akachovya sarafu kwenye mafuta kwanza.

"Mwekundu kama pilipili, Mbok."

Wagirah akafumba macho. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiyasikia maneno hayo kichwani, na sasa anayasikia kwa masikio. Angeweza kucheua, akavaa blauzi, akarudi kijijini kwa miguu yake. Mwili wenyewe ulikuwa unataka sana kuamini. Hata kifua kililegea kidogo.

"Usiseme hivyo," alisema. "Mama yako nilimwambia hivyo hivyo."

"Nani hajawahi kuambiwa hivyo? Sote—"

"Siku ile, Sarinten. Siku tatu kabla. Alikaa hapa, mimi nilikaa hapo ulipo. Mgongo wake ulikuwa mweupe. Nilikwangua mpaka mkono ukaniuma na ulikuwa mweupe. Akaniuliza, nikamwambia mwekundu kama pilipili. Niliogopa wangemweka kwenye kiti. Niliogopa kubaki peke yangu, hiyo ndiyo kweli yenyewe."

Sarafu ikasimama katikati ya mgongo. Nje ya marundo ya nguo mtu alikuwa anapatana bei ya kanga za batiki, anacheka.

"Miaka kumi na mmoja," Sarinten akasema.

"Miaka kumi na mmoja."

"Na kila Ruwah unakuja kumwaga maua na sisi. Unakula kwetu."

"Ndiyo."

Wagirah hakugeuka. Alingoja kupigwa, au kuachwa, na alidhani vyote viwili ni haki. Alisikia Sarinten analia nyuma yake, kilio cha hasira, cha kuvuta kamasi. Kisha akasikia kiganja kitupu kinawekwa mgongoni pake, chote, kimetulia.

"Mweupe, Mbok," Sarinten akasema. "Mgongo wako mweupe kama wali. Haya, umesikia. Na wewe nikikunyamazia nikuzike, halafu mimi nikamwage maua na nani?"

"Wataniweka kwenye kiti."

"Kiti nitakibeba mimi. Nitakileta hapo chini ya ngazi, ukae utukane wanaojikwaa. Vaa blauzi."

Wagirah alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Sarinten alitandua mbeleko ya mama yake, ile ya mistari iliyofifia, akaipitisha chini ya makalio ya Wagirah, akachuchumaa, akamvuta mgongoni na kukaza fundo kifuani. Akainuka kwa pumzi moja, kama alivyofundishwa.

Ndipo Wagirah akajua kinachojulikana na magunia. Aliona ngazi zinamjia kutoka juu ya bega la mtu mwingine. Alisikia pumzi ya Sarinten inatoka kila mguu unaposhuka, na shavu lake lilikuwa limelala kwenye mgongo mpana, wenye joto, unaonuka vitunguu na mafuta ya nazi. Mgongo ule aliujua. Mahamali waliokuwa wanapanda walijibana ukutani kuwapisha. Kidato cha kumi na saba kikapita, kile kifupi, na Sarinten hakukitazama hata.

Katikati ya ngazi, pale walipokuwa wanasimama kufunga mbeleko, Wagirah alimgusa begani.

"Pumzika hapa. Mama yako alikuwa anapumzika hapa."

"Ndiyo maana sipumziki."

Kifua kilimbana tena. Alimkumbatia Sarinten shingoni, na jambo la ajabu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka aliokufa Paikem, miguu yake ikiwa inaning'inia hewani bila kugusa kitu, alisikia wepesi. Ulikuwa ule ule wa dirishani. Akataka kumwambia Paikem.

"Nduk," akanong'ona. "Mimi ni mzito?"

Kwa miaka arobaini na miwili, katika ngazi zile, swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, na yeye ndiye aliyemfundisha Sarinten jibu lenyewe. Sarinten akatoa pumzi, akakanyaga kidato cha tisa, pale palipomeguka.

"Mzito, Mbok," akasema. "Mzito sana. Nishike vizuri."

Wagirah akamshika.